Uchungu wa pilsna ya Jever si ukali

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumzie jambo ambalo limekuwa likijirudia katika makala za safari na katika barua za wasomaji wenzangu, nalo ni dai kwamba bia ya Wajerumani ni kali mno, kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi, na kwamba Mwafrika anayefika kule afadhali aagize soda au atafute bia nyepesi aliyoizoea. Dai hili huandikwa kwa uhakika mkubwa, ilhali ukisoma maelezo ya waandishi wenyewe unagundua kwamba wengi wao walionja bia ya kopo wakiwa wanasubiri ndege, au walifungua chupa iliyokaa kwenye rafu ya duka la huku kwetu kwa muda usiojulikana. Mimi ni mkulima wa shayiri wilayani Siha, upande wa magharibi wa Mlima Kilimanjaro, na mavuno yangu huishia kuwa kimea cha kupikia bia. Ninapoona kinywaji kinachotokana na zao ninalolihangaikia kikihukumiwa bila kusikilizwa, naona ni wajibu wangu kukitetea.

Naanza na huo ukali, kwa sababu ni jambo linalopimika. Kinywaji kikali ni kile chenye kilevi kingi, na kiasi cha kilevi huandikwa kwenye chupa kwa asilimia, kwa hiyo hatuna haja ya kubishana. Jever Pilsener, bia ambayo ndiyo hasa ninayotaka kuieleza katika barua hii na ambayo Wajerumani wenyewe huihesabu miongoni mwa pilsna (aina ya bia angavu ya rangi ya dhahabu) chungu kabisa zinazouzwa nchini mwao, ina asilimia 4.9. Tusker ya majirani zetu wa Kenya ina asilimia 4.2, Kilimanjaro yetu ina 4.5, na Safari, ambayo mwananchi wa kawaida huiagiza bila hofu yoyote, ina 5.5. Maana yake ni kwamba ile bia inayosemwa kuwa itamwangusha Mwafrika ina kilevi kidogo kuliko bia inayonyweka kila jioni katika baa za Arusha na Mwanza. Isitoshe, kule hupimwa katika glasi ya mililita 300 au 400, wakati chupa yetu ni ya mililita 500. Anayenyanyuka kwenye kiti baada ya chupa mbili za Safari amebeba kilevi kingi kuliko aliyemaliza glasi mbili za Jever, na hesabu hiyo kila mtu anaweza kuifanya mwenyewe.

Kinachoitwa ukali, basi, ni uchungu, na uchungu wa bia una chanzo chake. Unatokana na maua ya mmea unaotambaa uitwao hopsi, ambayo huchemshwa pamoja na maji ya kimea. Yanapochemka, tindikali zilizomo ndani yake hubadilika, huyeyuka, na kuipa bia ile ladha inayobaki nyuma ya ulimi. Watengenezaji wana kipimo chao cha uchungu huo. Bia nyepesi za kawaida, zile zinazouzwa dunia nzima, mara nyingi hazivuki 20 katika kipimo hicho, lakini Jever hufikia takriban 40. Hopsi nyingi za Ujerumani hulimwa Hallertau, katika jimbo la Bavaria, na ni zao linalopenda siku ndefu za kiangazi zenye mwanga hadi usiku, ndiyo maana huku kwetu karibu na ikweta halistawi kwa urahisi na viwanda vyetu hulazimika kuagiza. Lakini ua hilo haliongezi kilevi hata kidogo. Kilevi hutokana na sukari ya kimea inapoliwa na hamira. Mambo haya mawili yakichanganywa, msomaji hupotoshwa.

Nimeionja bia hii palepale inapotengenezwa. Binti yangu ni muuguzi huko Wilhelmshaven, mji wa bandari kwenye Bahari ya Kaskazini, na nilipokwenda kumtembelea alinipeleka Jever, mji mdogo ulio jirani, unaofikiwa kwa treni kupitia Sande. Nchi yote ile ni tambarare kabisa; hakuna kilima, kuna matuta marefu ya udongo yanayoizuia bahari isiingie mashambani, kuna ng'ombe weusi wenye mabaka meupe, na kuna upepo usiopumzika. Ukiingia mjini unaona mnara wa kasri la kale, na pia unaona minara ya vioo ya kiwanda cha bia ambamo bia huchachuliwa, ikiwa imesimama katikati ya nyumba za matofali mekundu. Kiwanda hicho kilianzishwa mwaka 1848. Leo kinamilikiwa na kampuni kubwa, na bia yake inapatikana Ujerumani nzima, lakini bado inapikwa hapohapo, na wakazi huizungumzia kama mali ya mji wao.

Tulikaa katika nyumba ya kulia chakula, na mhudumu alikuwa mzee mwenye aproni ndefu. Niliagiza pilsna ya bomba, nikamtazama anavyoimimina, na kwangu hilo lilikuwa somo zima. Aliinamisha glasi yenye shina refu chini ya bomba, akaijaza hadi zaidi ya nusu, sehemu kubwa ikiwa ni povu, kisha akaiweka pembeni na kwenda kuhudumia meza nyingine. Nikanyoosha mkono nikidhani ameisahau. Binti yangu akanishika mkono, akasema, "Subiri kidogo baba, bado hajamaliza." Kweli, mzee akarudi, akaongeza, akaiacha tena itulie. Mara ya tatu akamalizia taratibu hadi povu likasimama juu ya ukingo wa glasi kwa kimo cha kidole bila kumwagika. Akavisha shina la glasi kikaratasi cha duara chenye tundu katikati ili kinyonye matone, akaiweka juu ya kibao chembamba cha karatasi ngumu, na pembeni ya kibao hicho akachora mstari mmoja kwa kalamu. Mistari hiyo ndiyo bili. Unapoondoka inahesabiwa na unalipa.

Wajerumani wana usemi kwamba pilsna nzuri inahitaji dakika saba kumiminwa. Watengenezaji wa siku hizi wanasema dakika mbili au tatu zinatosha, na kwamba ukiiacha dakika saba gesi hupungua na bia hupoa ladha, nami naamini wao ndio wenye haki. Hata hivyo usemi huo unaonyesha heshima ambayo kinywaji hiki kinapewa, heshima ambayo mwandishi aliyekunywa kopo kwa haraka huku akiangalia saa ya ndege hawezi kuiona.

Rangi yake ni dhahabu hafifu, na ni angavu kiasi kwamba ungeweza kuona vidole vyako upande wa pili wa glasi. Harufu inayotangulia ni ya majani makavu, na kwa mbali kuna ganda la limau. Ukinywa funda la kwanza, kinachofika mwanzo ni utamu mdogo wa kimea, ladha ya mkate uliotoka kuokwa, nao haudumu. Unakatwa mara moja na uchungu safi ambao hauparuzi koo, bali unatanda nyuma ya ulimi na kukausha kinywa. Kukauka huko ndiko kunakofanya mtu atake funda jingine. Nilikuwa nimeletewa samaki bapa wa kukaanga, mwenye vipande vya nyama ya nguruwe juu yake na viazi pembeni, chakula chenye mafuta mengi, na kila nilipokunywa mafuta yale yaliondoka mdomoni kana kwamba hayakuwapo. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu wa pwani ile waliipenda bia chungu. Nilitamani ningekuwa na sahani ya mbuzi choma mbele yangu, kwa sababu nina hakika kwamba bia ile ingeifaa nyama yetu kuliko bia nyingi tamu tunazoinywea.

Povu nalo lilisimama hadi mwisho, na kila funda liliacha pete nyeupe kwenye kioo, pete juu ya pete, hadi glasi ikaisha. Hili naomba nilieleze kidogo, kwa sababu ni kazi ya mkulima. Povu la bia husimamishwa na protini ya shayiri ikishikana na uchungu wa hopsi. Sisi tunaolima zao hili tunafahamu kwamba ukizidisha mbolea ya nitrojeni, protini hupanda kwenye punje, na mzigo wako unaweza kukataliwa kiwandani, kwa sababu protini ikizidi wanga hupungua na bia huwa na ukungu. Lakini protini ikikosekana kabisa, povu halina cha kulishikilia. Mkulima anatafuta katikati, kila msimu, kwa mvua asiyoitawala. Mtu anayekunywa bia kwenye chupa bila kuimimina hawezi kuiona kazi hiyo. Nilipozitazama zile pete kwenye glasi ya Jever niliona shayiri iliyolimwa na mtu anayejua anachofanya, na niliona fahari kwa niaba yake ingawa sitamjua kamwe.

Sasa nije kwenye lile dai la pili, kwamba uchungu wa namna hii haukuumbiwa kinywa cha Mwafrika. Ninaishi mahali ambapo mbege hupikwa. Kila Mchagga anajua kwamba mbege si ndizi na ulezi tu. Kuna gome la msesewe, ambalo huchemshwa ili kuipa pombe ile uchungu wake na kuukata utamu wa ndizi, na mpishi akikosea kipimo cha msesewe wazee huisukuma kata pembeni. Kazi ya msesewe katika mbege ndiyo kazi ya hopsi katika pilsna. Kimea cha ulezi kinatangulia, kama kimea cha shayiri kinavyotangulia kule, halafu uchungu unakuja kuweka mizani. Watu ambao babu zao waligundua jambo hilo wenyewe, kwenye miteremko ya mlima, bila kufundishwa na Mjerumani, hawapaswi kuambiwa gazetini kwamba hawawezi kuuvumilia uchungu wa bia. Na huko pwani, nani asiyejua kahawa chungu inayouzwa kwa vikombe vidogo jioni? Uchungu ni ladha tuliyo nayo na tunayoiheshimu. Tulichozoeshwa miaka ya karibuni ni bia ya biashara iliyopunguzwa uchungu ili isimkwaze mtu yeyote, tukadhani bia yote duniani inapaswa kuwa hivyo.

Zaidi ya hapo, pilsna si mgeni wetu. Wengi Afrika Mashariki wanalijua jina hilo kwenye chupa yenye picha ya simba, wakafikiri ni bia moja ya kampuni moja, kumbe ni aina ya bia inayopikwa na mamia ya viwanda. Ilizaliwa Plzeň, mji wa Bohemia ambao leo uko katika Jamhuri ya Cheki. Wakazi wenye haki ya kupika bia walichoshwa na bia mbovu ya mji wao, wakajenga kiwanda kipya na kumwita fundi kutoka Bavaria aitwaye Josef Groll, naye tarehe 5 Oktoba 1842 akapika bia ya namna ambayo haikuwa imezoeleka: alitumia kimea cheupe kilichokaushwa taratibu kwa hewa ya moto bila kuunguzwa, maji laini sana ya mji ule, hopsi za eneo la Žatec, na hamira inayofanya kazi kwenye baridi na kutuama chini ya pipa. Hadi wakati huo bia nyingi za Ulaya zilikuwa za kahawia au nyeusi na zenye ukungu. Ile ya Groll ilikuwa ya dhahabu na angavu. Wajerumani waliichukua, wakaifanya iwe kavu zaidi, na kadiri ilivyokwenda kaskazini ndivyo ilivyozidi kuwa chungu, mpaka ikafika kwenye pepo za Jever.

Hamira ile ya baridi ilihitaji barafu, na kwa muda mrefu barafu ilikatwa kwenye maziwa wakati wa majira ya baridi na kuhifadhiwa kwenye mahandaki. Mhandisi Mjerumani Carl von Linde alipotengeneza mashine zake za kupozea katika miaka ya 1870, akishirikiana na kiwanda cha bia cha Munich, bia ya aina hii iliweza kupikwa mwezi wowote, na baada ya muda popote duniani, hata kwenye joto la Dar es Salaam. Tusker, Kilimanjaro na Safari zote ni za ukoo huo: kimea cheupe, hamira ya baridi, rangi ya dhahabu. Kwa hiyo ndugu yangu anayeandika kwamba pilsna si bia ya Mwafrika anaandika huku ameshika mjukuu wa pilsna hiyohiyo mkononi.

Nisieleweke kwamba nawasifu Wajerumani kwa kila jambo. Mji wenyewe wa Jever una historia ambayo Mtanzania hawezi kuipita bila kutua. Kundi la wakazi wake waliojiita Waaminifu wa Jever walikuwa wakimpelekea Kansela Bismarck mayai 101 ya ndege wa porini kila siku yake ya kuzaliwa, na huyo ndiye Bismarck aliyeuitisha mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885, ambaye serikali yake iliipa kampuni ya Carl Peters hati ya ulinzi juu ya ardhi ya babu zetu. Nyumba moja ya chakula mjini humo bado imebeba jina la Waaminifu hao. Nililisoma jina hilo nikalielewa, na nilikunywa bia yangu nikiwa nalifahamu. Fundi wa bia anaweza kusifiwa kwa kazi yake bila kumsamehe Kansela.

Vivyo hivyo kuhusu ile sheria yao ya usafi wa bia ambayo waandishi wetu hupenda kuitaja. Sheria ya mwaka 1516 ilitolewa Ingolstadt na watawala wa Bavaria, ikasema bia ipikwe kwa shayiri, hopsi na maji tu. Haikuitaja hamira, kwa kuwa wakati huo haikueleweka inafanya kazi gani. Ilikuwa sheria ya kusini, na haikuwahusu watu wa Jever. Ilienea Ujerumani nzima mwaka 1906. Siioni kama ni amri takatifu, kwa sababu kwa kipimo chake pombe ya ulezi ya nyumbani kwetu isingepewa jina la bia, na bia za mtama zinazomnufaisha mkulima wa maeneo makavu zisingeruhusiwa. Ninachokipenda ni kidogo zaidi na ni cha vitendo: chupa ya kule inakutajia ndani yake mna nini, maji, kimea cha shayiri, hopsi, kwa maneno yanayosomeka. Mnywaji anajua anachokunywa, na mkulima anajua kwamba zao lake limetajwa.

Jambo ambalo waandishi wa safari hawaligusi kabisa, na ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloleta malalamiko yao mengi, ni umri wa bia. Pilsna haizeeki vizuri. Harufu ya hopsi ndiyo ya kwanza kutoroka, na joto huharakisha kutoroka huko. Kontena lililovuka bahari na kukaa bandarini chini ya jua la Mombasa au Dar es Salaam limekwisha kuiondolea bia sehemu kubwa ya uzuri wake kabla haijafika dukani. Mwanga ni adui mwingine. Miale ikiipiga bia yenye hopsi nyingi ndani ya chupa ya kijani, na Jever huuzwa kwenye chupa ya kijani, hutokea mchanganyiko wenye harufu mbaya kama ya kicheche, kwa sababu kioo cha kijani hakizuii mwanga kama kioo cha kahawia. Msomaji aliyelalamika kwamba bia ya Kijerumani inanuka huenda alisema kweli kabisa kuhusu chupa aliyoifungua. Hakusema kweli kuhusu bia yenyewe. Alikunywa chupa iliyosimama kwenye dirisha la duka, akaihukumu nchi nzima.

Halijoto nayo ina neno. Sisi tumezoea kuulizwa na mhudumu, "Ya moto au ya baridi?" na ya baridi tunayoletewa mara nyingi ni ile iliyokaribia kuganda. Pilsna ya bomba kule hutolewa kwenye nyuzi saba au nane hivi za Selsiasi. Ikiwa baridi zaidi ya hapo, ulimi hufa ganzi, utamu wa kimea hausikiki, na unabaki na uchungu peke yake usio na wa kuupoza. Ikiwa ya moto, uchungu huo hugeuka kuwa mzito. Wale waliozoea bia ya moto, na wapo wengi ninaowaheshimu, wasiijaribu pilsna kwa namna hiyo.

Kutokana na haya yote, ushauri wangu kwa wanaosafiri ni kwamba wakifika mji wowote wa Ujerumani waulize bia inayopikwa hapo au jirani, waagize ya bomba, na wawe tayari kusubiri imiminwe. Nchi ile ina viwanda takriban 1,500, vingi vikiwa vidogo kiasi kwamba bia yao haitoki nje ya wilaya, na kila eneo lina mapenzi yake. Köln wanakunywa Kölsch kwenye glasi nyembamba za mililita 200, na mhudumu huendelea kukuletea nyingine hadi ufunike glasi yako kwa kibao cha karatasi. Düsseldorf, mwendo mfupi tu kwa treni, wanakunywa Alt ya rangi ya shaba. Bamberg wana bia yenye ladha ya moshi. Bavaria wanapenda bia laini na bia ya ngano. Kuagiza pilsna ya Jever ukiwa Munich si kosa la sheria, lakini utakuwa umeikosa Munich na Jever kwa pamoja. Anayetaka kuijua pilsna ya Kijerumani aelekee kaskazini, au Sauerland, Bitburg na Radeberg, au Rothaus katika Msitu Mweusi, ambako kiwanda kilichoanzishwa na watawa mwaka 1791 sasa ni mali ya serikali ya jimbo.

Nafahamu kwamba wasomaji wengi wa gazeti hili hawanywi pombe, ama kwa imani ya dini yao ama kwa uamuzi wao, na sikuandika barua hii kumshawishi yeyote aanze. Kwa asiyekunywa kwa sababu ya afya, au kwa anayeendesha gari, kiwanda hichohicho hutengeneza pilsna iliyoondolewa kilevi iitwayo Jever Fun. Binti yangu, aliyekuwa na zamu ya usiku siku ile, ndiyo aliyokunywa, nami niliionja kutoka kwenye glasi yake. Ni nyepesi zaidi mdomoni na povu lake hushuka mapema, lakini uchungu ni uleule, jambo linalothibitisha vizuri kuliko maneno yangu kwamba uchungu na kilevi ni vitu viwili.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba waandishi wa safari wanaoleta makala zinazotaja bia watakiwe kueleza waliinywa mji gani, ilikuwa ya bomba, ya chupa au ya kopo, na kama ni ya chupa, tarehe ya mwisho ya matumizi iliyoandikwa ni ipi. Wakiandika kwamba ni kali, wataje asilimia. Wakiandika kwamba ni chungu, waseme kama uchungu huo ulikuwa safi au ulikwama kooni, ulidumu au uliondoka, na walikuwa wanakula nini. Maelezo hayo hayachukui nafasi zaidi ya mistari mitatu, na msomaji wa Singida au Kisumu ambaye mwakani atakuwa na safari ya kikazi ya kwenda Bremen atanufaika nayo, kwa kuwa kutoka Bremen hadi Jever ni safari ya takriban saa mbili kwa treni, kupitia Oldenburg na Sande, na anaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Wako katika kazi,

Mkulima wa shayiri,
Siha, Kilimanjaro